Siku Kumi na Tisa za Sifuri

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, msichana wa darasa la sita aliketi kitandani kwa mama yake na kufungua simu. Mama alikuwa akitibiwa saratani, na hospitali iliwataka wajibu maswali matano kila siku kwa simu hiyo: maumivu, homa, kutapika, vidonda vya mdomoni, ganzi ya vidole. Sifuri ni hakuna, nne ni hali mbaya kabisa. Vidole vya mama vilikuwa vimekufa ganzi, hivyo binti ndiye aliyebonyeza.

"Mama, maumivu?"

"Sijambo, mwanangu."

Sifuri. Hata kwenye ganzi, sifuri. Mama huyo hata angeng'atwa mguu na mamba angesema hajambo, asije akamkosesha mamba raha. Binti alilijua hilo, lakini kwa sifuri hospitali haikupiga simu, naye akawahi shule. Hakulia wala hakuwaza. Alitazama mambo ya kwao kama ya nyumba ya jirani.

Siku ya ishirini mama hakugusa uji, na mkono wake ulikuwa wa moto. Alipoulizwa, alisema hajambo. Kidole cha binti kilisimama juu ya sifuri, kikakaa hapo, kisha kikasogea. Homa, nne. Vidonda, tatu. Ganzi, tatu.

Hata hajafunga viatu, simu ikaita. Muuguzi aliwaagiza waje sasa hivi, wasingoje kesho. Njiani mama alinung'unika kwamba amesemewa kama mtoto mtukutu.

Hospitalini walimkuta na maambukizi, wakamtundikia dripu mapema. Muuguzi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamgeuzia binti kompyuta. Mstari wa majibu yao ulikuwa umenyooka siku kumi na tisa kama umepigwa rula. Alisema hajapata kuona dawa inayompenda mtu kiasi hicho. Binti akakiri yote, macho makavu.

"Mama alikuwa anakujibu salamu, binti yangu," muuguzi alisema. "Sisi hatumsalimii. Kwa namba hizi daktari anapima dawa. Ukitudanganya, hata kwa kumwonea huruma, tunamtibu mtu ambaye hayupo."

Dozi ya dawa ya saratani ikapunguzwa. Wiki iliyofuata mama alirudi nyumbani, na asubuhi simu ikafunguliwa tena.

"Ganzi, mama?"

"Sijambo..." Mama akavitazama vidole vyake. "Andika mbili. Mbili kamili, usinipunguzie."

Binti akaandika mbili. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.