Fundi wa Kola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia ukumbi, akamwekea Bibi chai karibu na kiti chake, kisha akavaa sare. Siku hizo lilikuwa limeongezeka jambo moja. Akishamaliza kufunga viatu, alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele na kumtazama mama yake akipiga pasi blauzi ya rangi ya maziwa, ile aliyoivaa kwenda kuomba kazi.

Mama alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, na Chiriku alikuwa bado hajazoea kumwona. Alipoondoka, Chiriku alikuwa mdogo asiyejua hata kuvaa viatu mwenyewe. Kwa miaka minane mama yake alikuwa sauti ndani ya simu ya Bibi. Sauti hiyo ilijua kila kitu: jino lililong'oka, rafiki aliyemnunia, hesabu zilizomshinda. Ikikatika, Chiriku aliendelea kuishika simu sikioni, akisikiliza ukimya.

Jina la Chiriku alipewa na Bibi kwa sababu maneno hayakumwisha mdomoni. Aliongea na muuza mkaa, na fundi wa baiskeli, hata na kuku wa jirani. Lakini mbele ya mama huyu aliyekuja na sanduku la buluu, ulimi ulikuwa mzito. Mama mwenyewe aliishi pale kama mgeni. Aliuliza chumvi inawekwa wapi. Akiamka alikunja shuka zake akaziweka juu ya sanduku, kama mtu anayengojea gari. Na akitaka kumkumbatia binti yake, alimgusa bega kwanza, kana kwamba anabisha hodi.

"Leo unaelekea wapi?" Bibi alimuuliza Mama asubuhi moja.

"Kile kiwanda cha mashati, nyuma ya kituo cha mabasi."

"Si walikwambia wamejaa?"

"Hicho kilikuwa cha mifuko, Mama."

"Basi kwa mwendo huu utawajua walinzi wote wa mji huu. Ukikosa kazi, angalau utakuwa umepata marafiki wa getini."

Mama alicheka kidogo, akatoka. Jioni alirudi na vumbi miguuni na blauzi imelowa jasho mgongoni. Kwenye kiwanda cha mashati walitaka wasichana waliomaliza shule juzi. Mwenye duka la nguo alimwambia, "Dada, umekaa nje muda mrefu mno. Hapa hakuna anayekujua, sasa tumuulize nani habari zako?" Mama alisimulia hayo kwa utulivu huku akivua viatu. Chiriku alitaka kumpelekea maji ya kunawa miguu. Akasitasita, na Bibi akawa amekwisha kuyapeleka.

Siku mbili tatu baadaye Chiriku alitoka shule mapema. Alimkuta Mama uani akianika nguo, simu ameibana kwa bega. Alikuwa anaongea na mwenzake waliyefanya kazi pamoja ng'ambo.

"Kwa hiyo wanasema nikitaka naweza kurudi?" Mama alikuwa akisema. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Najaribu bado. Nikishindwa, sina la kufanya, nitarudi huko."

Chiriku alirudi nyuma taratibu asionekane. Alimkuta Bibi akichagua mchele, akakaa karibu yake.

"Bibi, Mama anataka kuondoka tena."

Bibi aliendelea kuchagua mchele kwa muda. "Hataki," alisema. "Lakini mtu mzima asiye na kazi ndani ya nyumba yenye watu wanaomtegemea, moyo wake haulali."

"Na mimi je?"

Bibi alijipangusa mikono. Alimvuta tu akamlaza kichwa mapajani, mchele ukabaki kwenye ungo.

Njiani kutoka shule kulikuwa na duka la ushonaji la mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkasi. Mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe kuanzia asubuhi hadi jioni. Tena maneno yake nayo yalikuwa mafupi, yamekatwa. Kesho yake Chiriku aliona karatasi imebandikwa mlangoni mwa duka hilo: anahitajika fundi mzoefu wa kukata na kushona. Alisimama akaisoma, akaingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mama yangu ni fundi. Amerudi kutoka ng'ambo."

"Anakata?"

Chiriku hakujua kama mama yake anakata. Alijua tu kwamba alikuwa akishona kiwandani. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kinywa chake kilikwisha kufunguka.

"Anakata sana. Alikuwa fundi mkuu. Alikata suti za wakubwa, watu walikuwa wanapanga foleni. Mafundi wengine wote walikuwa wanamuuliza yeye."

Fundi Mkasi alimtazama, kisha akatazama rundo la vitambaa nyuma yake. Msimu wa harusi na msimu wa sare za shule ilikuwa imegongana, na mikono ilikuwa haitoshi.

"Mwambie aje kesho," alisema.

Nyumbani Chiriku alimwambia Mama kwamba Fundi Mkasi anatafuta mtu. Yale mengine aliyameza. Mama alikwenda, akapewa cherehani siku hiyohiyo bila kujaribiwa. Kwa siku kadhaa alishona pindo na kutia vifungo, na jioni alirudi akiwa na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Chiriku alimtoa nyuzi hizo moja moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuzigusa nywele za mama yake. Zilikuwa laini kuliko alivyodhani, na penye sikio zilikuwa zimeanza mvi.

Kisha mwalimu wa darasa la Chiriku akaleta kitambaa chake. Dada zake wote walikuwa na kitambaa kilekile kwa ajili ya harusi ya mdogo wao, na madukani kilikuwa kimekwisha. Alasiri hiyo Chiriku alipitia dukani na kumkuta Mama amesimama mbele ya meza ya kukatia. Kitambaa kimetandazwa, chaki mkononi.

"Mbona umeganda?" Fundi Mkasi alisema akipita. "Kwa fundi mkuu aliyezoea suti za wakubwa, gauni hili si ni mchezo?"

Mama aliinua macho. Alimtazama Fundi Mkasi, halafu akamtazama binti yake aliyekuwa mlangoni. Chiriku akainamisha kichwa. Alingoja mama yake aseme neno, lakini neno halikuja. Kilichosikika ni mkasi ukipita kwenye kitambaa, polepole, ukisimama na kuanza tena.

Kosa lilionekana wakati wa kuunganisha. Fundi Mkasi alichukua mikono miwili ya gauni, akaiweka mmoja juu ya mwingine, akaigeuza, akaiweka tena.

"Yote miwili ni ya kushoto," alisema.

Cherehani za mafundi wengine zilinyamaza. Kipande cha kitambaa kilichobaki kilikuwa hakitoshi hata mfuko.

Mama aliweka mkasi mezani. "Fundi, mimi si fundi mkuu wala sijawahi kukata suti," alisema. "Zamani kabla sijaondoka nilikuwa nashona magauni ya kawaida. Kule walinikalisha kwenye kola. Mwenzangu wa kulia alishona mikono, wa kushoto mifuko, mimi kola. Kola asubuhi, kola jioni, mpaka nyingine nilizishona ndotoni. Chaki sijaishika tangu niondoke. Uliponisifu leo nilijua kuna mtu amenipamba kwako. Nilipaswa kusema. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kubaki."

"Ni mimi," alisema Chiriku. Sauti yake ilitoka ndogo. "Mama hakujua. Ni mimi niliyekudanganya."

Fundi Mkasi alivua utepe wa mkasi shingoni, akakaa.

"Mwalimu ndiye mwenye kitambaa," alisema mwishowe. "Nendeni mkamwambie wenyewe. Habari hii mimi siibebi. Mwambieni mikono ilikuwa mirefu na mipana, kwa hiyo naweza kujitahidi kuikata upya, itoke mifupi. Akikubali."

Walitoka pamoja. Njia ya kwenda kwa Mwalimu ilipita kando ya uwanja wa mpira, na jua lilikuwa bado kali. Walipofika kwenye magoli, Mama alipunguza mwendo.

"Kwa nini ulisema vile, mwanangu?"

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema utarudi huko."

Mama alisimama.

"Ulipokuwa mbali nilikuwa nakusubiri," Chiriku aliendelea, na mara maneno yote aliyoyakalia kwa wiki nyingi yakaanza kumiminika. "Nilijua ukija tutaongea kila siku. Umekuja, na bado nakusubiri. Unakunja shuka kama unaondoka. Unaniuliza kama naweza kukusogezea kikombe, unanishukuru kama jirani. Nikafikiri ukipata kazi kubwa utakaa kweli."

Mama alichuchumaa pale nyasini ili macho yao yalingane. "Mimi nami nilidhani hunihitaji," alisema. "Nakusikia ukicheka na Bibi, nikiingia unanyamaza. Kule nilikuwa nakuchora kichwani: leo ameota jino, leo amefika bega la Bibi. Nimerudi nimekuta msichana mkubwa anajua kila kitu bila mimi. Sikujua pa kuanzia."

Chiriku alimkumbatia shingoni. Safari hii Mama hakugusa bega kwanza.

Mwalimu aliwapokea kibarazani. Mama alieleza kosa lake, Chiriku akaeleza lake. Mwalimu aliwasikiliza huku akivisugua viganja vyake pamoja, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba ameumia.

"Nilitaka tufanane sote, mimi na dada zangu," alisema. "Picha ya harusi tungeitunza." Alivitenganisha viganja. "Sitasema si kitu, kwa sababu ni kitu. Lakini mmekuja wenyewe, mchana, na mmesema wenyewe. Basi mikono iwe mifupi. Naomba tu mengine yatoke vizuri."

"Kola nitaishona mimi," Mama alisema. "Hiyo naijua."

Mikono mifupi ilitoka. Kola ilikaa shingoni kama imemwagwa, bila mkunjo hata mmoja, na Fundi Mkasi aliipitishia kidole mara kadhaa. Gauni lilipokwisha kuchukuliwa, Mama alianza kukusanya vitu vyake. Fundi Mkasi akamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Ulitaka mkataji. Mimi siye."

"Kukata sitakupa, huo ni ukweli. Lakini nina mashati ya sare za shule nzima, na mafundi wangu wote kola zinawashinda. Ukae kwenye kola. Ukimaliza kazi ya siku, utakata magazeti kwa mazoezi, kama wanafunzi wangu. Siku magazeti yako yakinyooka, nitakupa kitambaa."

Mama alikuwa mkubwa kwa Fundi Mkasi kwa miaka mingi, na wale wanafunzi wangeweza kuwa watoto wake. Aliinamisha kichwa kwa muda mfupi. "Nitakata magazeti," alisema.

Ikawa kila jioni Mama na Chiriku wanapiga magoti sakafuni, mmoja anachora, mwingine anashika karatasi isiteleze. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Wakikosea wanaanza upya.

"Gazeti langu sijalisoma, tayari limekuwa suruali," Bibi alilalamika jioni moja.

"Soma goti la kushoto, Bibi," Chiriku alimjibu. "Habari za michezo zimebaki hapo."

Mwisho wa mwezi ulifika. Yule mwenzake wa ng'ambo alipopiga simu, Mama alimwambia nafasi ile ampe mtu mwingine. Baada ya hapo alikaa akitazama nje. Chiriku alielewa kwamba mama yake ameacha watu huko, na kwamba hata mtu aliyefika nyumbani anaweza kukumbuka mahali pengine. Alikwenda akakaa naye.

Msimu wa sare ulipoisha, Fundi Mkasi alimpa Mama kitambaa cha kwanza, gauni dogo la mtoto. Chiriku alikuwepo. Mama alichora, akahakikisha, akakata. Mkono mmoja ulikuwa wa kulia, mwingine wa kushoto. Fundi Mkasi aliitazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwita Chiriku karibu na meza.

"Unakumbuka uliponiambia habari za suti za wakubwa?"

Chiriku aliona aibu upya. "Nakumbuka, Fundi. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe. Nataka ujue jambo moja. Siku ile ungeniambia, 'Mama yangu anajua kushona kola tu, na anatafuta kazi,' ningemchukua vilevile. Nilikuwa sina mtu wa kola. Ukweli ulikuwa unatosha, wewe ukaona haya nao. Ukadhani mama yako alivyo hatoshi, mpaka umwongezee. Ukimpenda mtu, mtaje kama alivyo. Kinachopungua atajifunza, kama ulivyomwona akijifunza."

"Nimesikia, Fundi," alisema Chiriku.

Mama alikuwa tayari amekaa kwenye cherehani. Alivuta kigoda kingine, akakiweka kando yake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alisema. "Nisimulie. Anzia mwaka ule nilioondoka."

Chiriku akakaa, akaanza.