Vibua wa Babu Tokuji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kazuha aliwamwagia samaki barafu katika duka la babu yake, Tokuji, karibu na bandari. Jumatatu hiyo alikuta mtambo wa barafu umezimika tangu usiku, na vibua wanaelea katika maji ya uvuguvugu.

"Babu, hawa si wameharibika?"

Babu alimwinua mmoja, akamnusa. "Pua hii ilikuwa inanusa samaki kabla baba yako hajazaliwa. Hawana neno. Wahi shule wewe!"

Aliporudi alasiri, alimkuta Babu ameketi, uso umesawijika. Jirani yao, Bibi Sakuma, alikuwa amekula mchana kibua wa duka lao aliyelowekwa siki, akavimba uso na kushindwa kupumua. Alikuwa hospitalini, hajitambui. Vibua waliobaki walikuwa wameshapelekwa kwenye makao ya wazee kwa chakula cha jioni. Shangazi Michiyo, mpimaji wa samaki katika kituo cha bandari, alitaka aletewe kipande upesi. Wapishi walikuwa wakingoja jibu lake, na jibu hilohilo lingeamua kama duka lifungwe.

Kazuha alibeba kipande cha kibua kilichosalia dukani, akakimbilia kituoni. Duka likifungwa, Babu atakufa kwa aibu! Gatini alimkuta mvuvi Iwao akipakua samaki.

"Mzee Iwao, Babu anaomba kibua mmoja."

"Mchukue huyu, binti. Nimemvunja shingo sasa hivi nikamtoa damu. Hata hajajua kama amekufa!"

Kazuha alikata kipande cha kibua huyo, kile cha Babu akakitupa baharini.

Kituoni, Shangazi alikisaga kipande, akakichuja, kisha akavuta tone katika mrija wa kioo mwembamba kama unywele.

"Humu mna maji yenye sabuni na vitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho," alisema. "Umeme ukipita, vijenzi vya asidi nyuklia vilivyomo mwilini mwa samaki vinaondoka pamoja. Vinavyopenda mafuta vinachelewa njiani, vingine vinatangulia. Samaki akifa, kijenzi kimoja huvunjika kikawa kingine. Nikiona kipi kimezidi, najua samaki amekaaje."

Vilima, kila kimoja cha kijenzi chake, vikaanza kuchomoza kwenye skrini. Shangazi alikunja uso.

"Babu yako aliwanunua lini?"

"Jumamosi."

"Kibua wa Jumamosi hawezi kuwa hivi hata angelala ndani ya theluji. Huyu amekufa leo."

"Labda mashine imekosea, Shangazi."

"Mashine haina babu, Kazuha."

Simu ikalia. Sauti ya mpishi ilisikika wazi: "Dada Michiyo, wazee wana njaa. Tuwapike hawa vibua?"

Akilini Kazuha alimwona Babu, akaliona duka. Kisha akamwona Bibi Sakuma akihangaika kutafuta pumzi.

"Waambie wasipike!" alipiga kelele. "Nilibadilisha kipande! Vibua wa Babu walilala bila barafu!"

Shangazi hakumgombeza. Aliwaamuru wapishi wasiguse kitu, akaenda mwenyewe kuwachukua wale vibua. Safari hii kilima cha uozo kilipanda kuliko vyote. Kabla jua halijatua, duka la Tokuji lilikuwa limefungwa kwa amri.

Kesho yake Babu na mjukuu wake walikwenda hospitalini. Bibi Sakuma alikuwa amezinduka, lakini aligeukia ukutani alipowaona. Babu alipiga magoti mlangoni, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu. Kazuha akainama kando yake.

Walipotoka, Kazuha alilia. "Nilitaka kukuokoa, Babu."

"Najua, mjukuu wangu. Mimi nilificha kosa kwa kiburi, wewe ukalificha kwa mapenzi. Wale wazee wangekula samaki yuleyule."