Bwana Poda na Kiwiko cha Kipusa

Mpiga picha mmoja alikuwa bingwa wa kuremba sura. Ukiingia studio yake na chunusi, kwenye picha unatoka huna hata moja. Ndiyo maana watu walimbandika jina la Bwana Poda.

Binti yake, Kipusa, aliugua ukurutu kwenye kiwiko. Ngozi iliwaka wekundu. Mtoto alijikuna mpaka akalia. Muuguzi wa zahanati akawapa dawa ya kupaka.

"Nitumieni picha kwa simu," alisema. "Wekundu ukipungua, tutapunguza dawa. Usipopungua, itabidi aende hospitali kubwa."

Bwana Poda akapiga picha ya kwanza nyumbani, chini ya taa ya manjano. Ya pili, baada ya siku chache za kupaka dawa, akaipigia studioni, kwenye mwanga mkali. Kabla ya kuituma, vidole vyake vikailainisha ngozi ya mtoto, kama anavyowafanyia wateja. Mazoea yana tabu, jamani! Hata hakujishtukia.

Muuguzi akajibu: "Hongereni! Punguzeni dawa."

"Umeona, mama Kipusa?" mume akatamba.

"Nimeona nini? Mtoto halali, mkono unazidi kuwaka!"

"Picha haisemi uongo."

"We baba wewe! Si ndio uongo unaotulisha humu ndani?"

Mama hakungoja jibu. Alimbeba mtoto moja kwa moja mpaka zahanati, mume nyuma yake. Muuguzi alipokiona kile kiwiko, alishika kichwa.

"Mungu wangu! Hiki ndicho kile cha kwenye picha?"

Bwana Poda akanywea. "Dada, nadhani nilikilainisha kidogo."

"Umepaka poda ugonjwa, shemeji? Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

Bwana Poda alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanawe kapunguziwa dawa kwa sababu ya kidole chake mwenyewe! Ilimuuma sana.

Muuguzi akawarudishia kipimo cha kwanza cha dawa. Kisha akatoa kadi ndogo yenye miraba ya rangi.

"Macho yetu hudanganyika," alisema. "Taa ya manjano hubadilisha rangi, na mwanga mkali hufifisha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huweza kuonekana kama zambarau, au usionekane kabisa. Kwa hiyo sasa tutapima kwa kompyuta."

"Kompyuta itajuaje?" mama akauliza.

"Inazijua rangi halisi za kadi hii. Kadi ikitoka manjano kwenye picha, inajua mwanga umepotosha, inasahihisha. Halafu inalinganisha ngozi yenye ukurutu na ngozi isiyo na ugonjwa iliyo karibu, inatupa namba. Namba ikishuka, wekundu umepungua."

"Na mimi nifanye nini?" Bwana Poda akauliza kwa unyonge.

"Piga mahali palepale, saa ileile, umbali uleule. Weka kadi kando ya kiwiko. Na usirembe chochote! Lakini mkiona usaha, au mtoto akipata homa, msingoje picha. Mleteni hapohapo."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi Kipusa alikaa kwenye kiti kilekile, karibu na dirisha. Mama alishika kadi, baba akapiga na kumtumia muuguzi, naye akawarudishia namba. Namba ya kwanza ilikuwa kubwa, mama akajikaza asilie. Iliyofuata ikashuka. Baadaye ikashuka tena, na Kipusa akaanza kulala usiku kucha.

Hatimaye muuguzi akapiga simu. "Wekundu umekaribia kwisha. Hospitali kubwa hamwendi tena."

"Alhamdulillahi!" Mama akashusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka. Bwana Poda akamrusha mtoto juu, akamdaka.

Jioni akampiga Kipusa picha ya ukumbusho, mikono juu. Kidole chake kikaelekea palepale pa kulainishia.

"Baba, usiguse!" Kipusa akapiga kelele.

Bwana Poda akakitazama kiwiko kwenye simu, kisha kile cha mtoto. Kidole akakirudisha. Hakukuwa na cha kuremba.