Randa ya Ubao wa Kaka

Mlango wa kwanza alioulainisha kwa randa ile ulitoka mfupi. Fundi alipima tena, akalaumu macho yake. Randa hula unene wa mbao. Urefu ni kazi ya msumeno, na msumeno ulikuwa ukutani, haujaguswa.

Randa yenyewe alijitengenezea kwa mabaki. Kisu chake alikinoa kutoka springi ya gari bovu. Kiwiliwili alikichonga kwenye ubao uliobaki alipotengeneza jeneza la kaka yake. Mafundi wa mtaa ule huzika mabaki ya jeneza pamoja na maiti, hata vumbi la msumeno. Yeye alisema mbao safi kama hiyo haizikwi. Tena ilibaki kwa sababu jeneza alilikata fupi makusudi, kaka mtu akalazwa magoti yamekunjwa. Mkono wa birika mpaka kwa maiti!

Basi karakana ikaanza kunuka udongo mbichi. Maranda yalitoka na unyevunyevu, na kila aliposukuma, randa ilikohoa, kikohozi kile kile kikavu cha marehemu, mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni, mpaka jasho likadondokea mbao na bado anasukuma, maana bintiye alikaribia kujifungua na kitanda cha mtoto kilikuwa hakijaisha.

Mganga aliyemwita alipoingia tu, aliziba pua.

"Mwenye ubao anautaka," alinong'ona. "Umetengeneza nini kingine?"

"Randa tu, mzee."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Waliizika randa kaburini kwa kaka, kikohozi kikakoma. Lakini vigingi vilivyoshika kitanda cha mtoto vilitoka kwenye ubao ule ule, na fundi alijua. Kuving'oa ni kukivunja kitanda chote, naye aliona uchungu kuharibu kazi yake.

Mjukuu alizaliwa salama, mnene, mwenye kelele. Fundi akasahau woga. Kisha asubuhi moja binti akamwita kwa sauti ya chini.

"Baba, njoo umwone. Mbona hanyooshi magoti?"

Kitanda kilinuka udongo mbichi. Fundi aliyabonyeza magoti yale madogo taratibu, yakagoma. Mtoto akakohoa, kikohozi kikavu.

"Baba," binti alisema akirudi nyuma, "hicho si kikohozi cha baba mkubwa?"

Fundi alimtoa mtoto, akachukua nyundo, akakivunja kitanda huku analia. Vigingi vilitoka vyote. Magoti hayakunyooka.