Nyumba Isiyofungwa Mlango

Katika nyumba ya seremala hapakuwa na mlango uliofungwa. Wa mbele ulizuiwa kwa tofali usijifunge. Wa bafuni ulizuiwa kwa ndoo, na binti yake wa miaka kumi na mitatu alioga nyuma ya shuka. Aliona aibu.

Mke wa seremala alikuwa mshonaji. Wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake. Sasa hata ulimi ulikuwa umelala. Mwaka uliopita karakana ya nguo walimofanya kazi iliungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje ili mafundi wasitoke kabla ya saa ya kutoka. Sindano alipita dirishani, paa likaporomoka nyuma yake. Rafiki yake, Kicheko, hakupita. Kila siku Sindano alijilaumu kwa kumwacha.

Seremala alimpenda mkewe, ila dawa aliyoijua ni ya mbao na chuma. Siku moja alimwita bafuni.

"Mke wangu, tazama komeo jipya. Mtoto apate stara."

Akalifunga, wote wawili wakiwa ndani. Ka! Sindano akapiga kelele, akaparamia dirisha, akachanika mkono.

Jirani alikuja mbio kumfunga kidonda. Mtaani walimwita Mama Maigizo. Kazi yake, pamoja na kikundi chake, ilikuwa kuigiza visa vya watu waliopatwa na makubwa ili kuwasaidia kupona.

"Shemeji, huu si ukaidi," alimwambia seremala. "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Usimlazimishe kufunga mlango, wala kusimulia."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kaa naye. Akitaka, aje ukumbini Jumamosi. Mshauri wa afya ya akili huwa yupo pia."

"Mimi niigize?" Sindano aliuliza. "Hata kusema siwezi!"

"Wewe utakaa kitini, dada. Sisi ndio tutakaoigiza. Ukisema 'basi', tunaacha hapo hapo."

Jumamosi ya kwanza alisema "basi" kabla mtu hajafungua kinywa. Wakaacha. Wakanywa maji, wakaenda zao, na hakuna aliyemnunia. Kwa sababu hiyo alirudi.

Baada ya wiki nyingi alimwomba mumewe atengeneze mlango wa jukwaani, wenye komeo kwa nje.

"Umepinda kidogo, fundi," alimwambia alipoumaliza. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu moto. Seremala akageuka kufuta macho.

Jumamosi iliyofuata msichana mmoja wa kikundi alimwigiza Kicheko. Alisimama nyuma ya mlango, akabisha, akabisha tena.

"Basi!"

Msichana akaacha kubisha.

"Unataka iweje?" aliuliza Mama Maigizo.

"Nataka kumfungulia."

Sindano akapanda jukwaani, akashika komeo. Akalipapasa kwa vidole.

"Liko upande huu," alisema. "Siku ile nilikuwa upande ule. Nisingeweza kulifikia."

"Usingeweza, dada."

Akalivuta. Msichana akatoka, na Sindano akamkumbatia akilia kwa sauti. Alijua si Kicheko. Kicheko hatarudi, na uchungu wake haukuisha siku hiyo. Lakini lawama aliiacha pale.

Jioni aliondoa ndoo mlangoni mwa bafu.

"Mama, nifunge kweli?"

"Funga, mwanangu. Nipo hapa."

Ka! Moyo ulimruka. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akasikiliza maji yakimwagika mpaka binti alipomaliza kuoga.