Gurudumu la Nyuma, Kulia

"Ngamia, uko tayari?"

"Niko chini ya turubai, Mama Kulyash. Mchanga umeingia mpaka kwenye meno."

"Usitafune. Basi linakuja."

Sanzhar Tulegenov, jasusi wa kituo cha roketi cha Baikonur, akaagana na mkuu wake, akazima redio. Nyika ilikuwa tambarare kama sinia. Pa kujificha hapakuwapo, ila kishimo alichokichimba kando ya barabara.

Mkononi, bastola ya Makarov.

Ndani ya basi alikuwamo Daktari Zarema Lukashina. Huko angani angejidunga dawa ya kuimarisha mifupa, wenzake wapime damu yake. Dawa ilikuwa kwenye kisanduku cha barafu, katika gari lililolifuata basi. Kuna mtu alikuwa amenunuliwa aibadilishe na sumu. Majasusi walinasa simuni maneno mawili tu: "Leo. Njiani."

Na njiani basi husimama mara moja.

Mwanaanga anayeondoka hapa lazima akojolee gurudumu la nyuma, kulia. Ndiyo mila. Waliobaki huwapa mgongo, kwa heshima.

Migongo mitupu! Mwizi atake nini tena?

Breki zikalia. Dereva akapitiliza kidogo.

Gurudumu likasimama kando ya sikio la Sanzhar.

Lo.

"Lenga vizuri, bwana, usiniaibishe!" rubani alimtania mwenzake.

Wanaume wakamaliza. Zarema, kama wanawake waliomtangulia, alikuja na mkojo wake kwenye kichupa. Akamimina.

Turubai lilivuja.

Sanzhar hakupumua. Akachungulia. Mgongo, mgongo, mgongo...

Uso!

Gleb, fundi wa maabara, alikuwa ameinamia kisanduku, dawa mkono huu, sumu mkono ule.

Sanzhar akachomoka.

"Gleb! Wenzako wanatazama nyika, wewe unatazama nini?"

Gleb akageuka, akakutana na mtutu. Sumu ikamponyoka, ikamwagika, ikanywewa na mchanga.

"Wewe!" Zarema akashika kichwa. "Ulikuwa hapo chini muda wote?"

"Muda wote, daktari."

"Mungu wangu! Na mimi nimemimina..."

"Mila ni mila. Nenda salama."

Dawa ikakaguliwa, ikawa yenyewe. Basi likaondoka. Mama Kulyash akafika na gari lake la UAZ, akamtia Gleb pingu, akamfungulia Sanzhar mlango.

Akanusa.

Akaufunga.

"Hapana, mwanangu. Gari nimeliosha jana."

"Mama, nimeokoa mtu!"

"Na nchi inakushukuru. Tembea."

Sanzhar akavaa miwani ya jua, akachomeka Makarov kiunoni, akaishika barabara taratibu. Alikuwa bado anatembea roketi iliponguruma nyuma yake, ikampandisha Zarema mawinguni akiwa mzima.

Hakugeuka. Alikuwa anatafuta bomba la maji.