Mtaro wa Watu Kumi na Tisa

Jua likitoka, Mama Pacha huwa amekwisha kukamua ng'ombe wake wawili. Mmoja ni mpole. Wa pili hurusha mateke kama ana kesi na mtu. Maziwa yakishachujwa, Mama Pacha hungoja pikapu ya Haraka, mfanyabiashara aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimi gari hata anaponunua.

Kituo cha ushirika kilikuwa karibu, lakini Mama Pacha alikiacha miezi mitatu iliyopita. Haraka alilipa zaidi kidogo, tena alifika mlangoni. Majirani wengi nao walimfuata.

Mvua zikanyesha, majani yakastawi, ng'ombe wakatoa maziwa mengi. Asubuhi moja Haraka alipunga mkono tu dirishani.

"Leo sichukui, mama! Maziwa yamejaa kila mahali."

"Na kesho?"

Gari lilikuwa limekwisha kwenda.

Mama mkwe wake alikuwa barazani akipepeta mahindi. Hakuinua hata macho. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema.

Mama Pacha alijitwika ndoo akaenda kituoni, aibu imemjaa. Mpimaji wa maziwa, mwanamke mtu mzima mwenye koti jeupe, aliyanusa maziwa. Akapima joto lake. Akachanganya kidogo na spiriti kwenye kikombe, akatazama. Hayakuganda, ishara kwamba hayajaanza kuharibika.

"Mazuri. Mimina."

"Hamnifukuzi?"

"Nani akufukuze?"

"Wenye kituo."

"Wenye kituo ni akina nani?"

"Si serikali?"

Mpimaji alicheka hadi akashika meza. "Haya, njoo uone."

Nyuma ya jengo palikuwa na mtaro wa mawe. Maji ya chemchemi yalipita ndani yake, baridi sana.

"Ushirika ulianzia hapa," mpimaji alisema. "Miaka arobaini iliyopita mnunuzi alikuwa mmoja tu. Asipokuja, maziwa yanamwagwa. Wafugaji kumi na tisa wakachoka. Wakachimba mtaro huu kwa majembe, wakapanga ndoo zao ndani ya maji zipoe mpaka lori la mjini lifike. Hakuna aliyewaletea hata jiwe moja. Walibeba wenyewe."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa mtoto. Mama mkwe wako ndiye aliyekuwepo. Alichimba na mimba ya miezi tisa. Siku mbili baadaye akamzaa mumeo."

Mama Pacha aliinama akayagusa yale mawe. Alikuwa ameishi na mama mkwe wake miaka kumi, akidhani anamjua.

Waliporudi ndani, mpimaji alifungua mfuniko wa tangi kubwa la kupoozea maziwa. Chini kabisa kulikuwa na maziwa kidogo.

"Tangi hili linabeba ndoo mia. Siku hizi tunapata kumi. Ona, mwiko wake wa kukoroga haugusi maziwa, na yasiyokorogwa yanaganda barafu. Wenzako wanamwaga maziwa nyumbani kwa kutuonea aibu. Jumamosi wanachama tunakutana kuamua kama tufunge."

"Mimi nina ng'ombe wawili tu. Nani atanisikiliza?"

"Mwenye ng'ombe arobaini ana kura moja. Wewe una ngapi?"

"Moja."

"Basi."

Nyumbani Mama Pacha aliuliza, "Mama, mbona hukuniambia habari za mtaro?"

"Hukuniuliza. Mimi mgongo wangu unanikumbusha kila siku."

Kuanzia kesho yake Mama Pacha alipita nyumba kwa nyumba akiwaita walioondoka waje mkutanoni. Jumamosi alisimama mbele ya wanachama.

"Mimi ni mmoja wa walioondoka," alisema. "Nilidhani kituo ni cha watu fulani. Kumbe ni changu, na mimi ndiye niliyekuwa nakiua. Tukileta maziwa wakati wa mvua tu, kiangazi tukamkimbilia Haraka, hakitapona. Tulete siku zote."

Mikono ikainuka, ya wenye ng'ombe wengi na ya wenye mmoja. Kituo hakikufungwa.

Kiangazi kilipofika, Haraka alirudi na bei nzuri. Safari hii alizima gari. Mama Pacha alimsalimu vizuri, akapita na ndoo yake kichwani.

Siku hiyo alikuwa amemshika mkono mama mkwe wake, ambaye kwa ubovu wa miguu hakuwa amefika kituoni miaka mingi. Bibi huyo alisimama mbele ya tangi jipya kwake, akalitazama juu hadi chini.

"Limejaa?"

"Karibu lijae, mama."

"Na ni letu?"

"Ni letu."

Mama mkwe alinyoosha mkono. "Nisogeze," alisema. "Nataka kulisikia."

Akaegemeza sikio kwenye chuma baridi, akafumba macho. Ndani, maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yakizunguka. Nyuma yake foleni ya wenye ndoo ilizidi kurefuka hadi nje, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asogee.